Hatari Yenye Bei

Tarehe 23 Mei 2019 Rais Donald Trump alikuwa Ikulu ya Washington akitangaza msaada kwa wakulima walioumizwa na vita vya biashara kati ya nchi yake na China. Akaulizwa kuhusu Huawei, kampuni ya China ya simu na mitambo ya mawasiliano. Akajibu kwamba kampuni hiyo ni hatari sana, kiusalama na kijeshi. Papo hapo akaongeza kuwa huenda suala la Huawei likaingizwa ndani ya makubaliano ya biashara na China. Wiki moja tu kabla ya hapo, Wizara ya Biashara ya Marekani ilikuwa imeiweka kampuni hiyo kwenye orodha ya wasiouziwa teknolojia ya Marekani pasipo leseni, na sababu iliyotajwa ilikuwa usalama wa taifa.

Kila kauli kati ya hizo mbili ikisimama peke yake inaeleweka. Zikikaa pamoja zinazua swali ambalo sijaona likijibiwa sawasawa hadi leo. Ikiwa hatari inaweza kuwekwa mezani na kubadilishwa kwa maharage ya soya, ilikuwa hatari ya namna gani?

Yupo atakayejibu kwamba serikali zote hupima hili dhidi ya lile, na kwamba hata amani hupatikana kwa kupeana. Ni kweli, na jibu hilo lisidharauliwe. Serikali inaweza kuvumilia hatari ndogo ili kuepuka kubwa: inaweza kukubali simu za kigeni ziendelee kuuzwa kwa sababu kuzizuia ghafla kutaacha vijiji bila mawasiliano. Hapo hatari inapimwa dhidi ya hatari, na wanaolindwa ni watu walewale. Lakini anayesema "nitaivumilia hatari hii ukininunulia mazao yangu" anafanya jambo jingine kabisa. Atakayeumia, kama kweli mawasiliano yake yatasikilizwa, si yule atakayefaidika kwa mauzo. Amechukua usalama wa mmoja akamlipia mwingine deni. Na zaidi ya hapo amewafundisha wote wanaomsikiliza kwamba safari ijayo atakapopiga yowe la usalama, kitu cha kwanza cha kumwuliza ni bei yake.

Mwaka mmoja nyuma yake kulikuwa na kisa cha ZTE, kampuni nyingine ya China yenye makao yake Shenzhen kama Huawei. Aprili 2018 Marekani ilizipiga marufuku kampuni zake kuiuzia ZTE chochote kwa miaka saba. Kwa haki lazima isemwe kwamba ile ilikuwa adhabu: ZTE ilikwisha kiri mwaka 2017 kwamba ilipeleka Iran na Korea Kaskazini vifaa vyenye teknolojia ya Marekani kinyume cha vikwazo, kisha ikadanganya kuhusu hatua ilizowachukulia wafanyakazi waliohusika. Kwa kuwa simu zake zilitegemea chipu za Qualcomm na programu ya Android ya Google, wiki chache baadaye ilitangaza kuwa shughuli zake kuu zimesimama. Mei ileile Trump akaandika kwamba yeye na Rais Xi Jinping wanatafuta njia ya kuirudisha ZTE kazini haraka. Juni ikatozwa faini ya dola bilioni 1, ikaweka dhamana ya dola milioni 400 na kubadilisha uongozi. Julai marufuku ikaondolewa. Kampuni hii ndiyo ileile ambayo Kamati ya Ujasusi ya Baraza la Wawakilishi, katika ripoti ya Oktoba 2012, iliitaja pamoja na Huawei kuwa tishio kwa usalama wa Marekani.

Hata hivyo sitaki kusema kwamba shaka yenyewe ni uzushi. Ina mizizi, tena mirefu, na anayeipuuza hajafikiri vya kutosha juu ya kitu anachobeba mfukoni.

Gunia la mchele likishauzwa, muuzaji hana mkono tena ndani yake. Simujanja haiuzwi namna hiyo. Usiku unapolala inapokea masasisho kutoka kwa aliyeitengeneza, na asubuhi unaamka na programu tofauti na ile uliyolala nayo, iliyoandikwa na mtu usiyemjua, mahali usipopajua. Ukiikagua leo na kuikuta safi, umekagua simu ya leo. Ya mwezi ujao haijaandikwa bado. Mtengenezaji anabaki na ufunguo kwa sababu bila ufunguo huo hawezi kuziba mianya inayogunduliwa kila mara, na njia anayopitia kuziba mwanya ndiyo njia ambayo angepitia kuufungua. Kwa hiyo suala la mtengenezaji ni nani, na ni serikali gani inayoweza kumwamuru, si suala la chuki tu. Sheria ya Ujasusi ya China ya mwaka 2017, kifungu cha 7, inazitaka taasisi na raia kuunga mkono na kushirikiana na kazi ya ujasusi wa dola. Huawei imekana siku zote kwamba imewahi kupeleleza kwa niaba ya serikali yake, na Marekani haijaweka hadharani ushahidi wa wazi kwamba imewahi. Lakini sheria ipo, na ufunguo upo.

Je, ukaguzi hauwezi kumaliza ubishi? Uingereza ilijaribu, na kwa uaminifu kuliko nchi yoyote ninayoijua. Mwaka 2010 kilifunguliwa kituo mjini Banbury, kikilipiwa na Huawei yenyewe lakini kikiwa na wataalamu waliochunguzwa na dola ya Uingereza na kusimamiwa nayo, kazi yao ikiwa kusoma programu za mitambo ya kampuni hiyo mstari kwa mstari. Ripoti ya mwaka 2019 ya bodi iliyosimamia kituo hicho inafaa kusomwa na kila anayezungumzia jambo hili. Wakaguzi hawakukuta mkono wa ujasusi. Walichokuta ni kazi ovyo. Ndani ya mtambo mmoja kulikuwa na nakala kamili 70 za programu moja ya usimbaji, za matoleo manne tofauti, na baadhi yake zilikuwa na mianya iliyokwisha julikana duniani kote. Na walipochukua maandishi ya programu waliyoyasoma na kuyageuza kuwa lugha ya mashine, hawakuweza kuthibitisha kikamilifu kwamba kilichotoka ndicho kilichokuwa kikitumika kwenye mitambo nchini mwao. Miaka karibu kumi ya kusoma, na bado hawakuweza kusema kwa uhakika kwamba walichosoma ndicho walichonacho.

Tatizo hilo halikuanzia Shenzhen. Ken Thompson, mmoja wa walioiunda Unix, alilieleza katika mhadhara wake wa kupokea Tuzo ya Turing, uliochapishwa mwaka 1984. Alionyesha kwamba mtu anaweza kuficha mlango wa siri ndani ya kompaila, ile programu inayogeuza maandishi ya mwanaprogramu kuwa amri za mashine. Kompaila hiyo ikitumika kutengeneza kompaila nyingine, mlango unahamia huko wenyewe, na alama yake ikafutwa kwenye maandishi yote ambayo mkaguzi angeweza kuyasoma. Unasoma kila mstari, kila mstari ni safi, na mlango upo. Hitimisho lake lilikuwa kwamba programu huwezi kuiamini kikamilifu usipoiandika yote wewe mwenyewe. Na hakuna anayeandika yote mwenyewe. Chipu imechorwa huku, imechongwa kule, programu imeandikwa na maelfu ya watu wasiofahamiana. Shaka ya namna hii haina ushahidi unaoweza kuizima, kwa kuwa kila ushahidi unapita kwenye chombo kingine ambacho nacho kinatiliwa shaka.

Hapa ndipo wanasiasa wa pande zote huacha kufikiri, na ndipo ningependa tukae kidogo.

Shaka isiyozimika haichagui taifa. Ikiwa kigezo ni kwamba mtengenezaji anaweza kuamriwa na serikali yake, basi kigezo hicho kinaigusa Apple na Google sawasawa na Huawei. Edward Snowden alipotoa nyaraka za Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani mwaka 2013, dunia ilijua ukubwa wa kazi iliyokuwa ikifanyika kupitia kampuni za Marekani. Mwaka uliofuata, nyaraka hizohizo zilionyesha kwamba shirika hilo lilikuwa limejipenyeza ndani ya seva za Huawei huko Shenzhen. Na Februari 2020, wakati ambao Washington ilikuwa ikiwahimiza washirika wake waing'oe mitambo ya Wachina, waandishi wa Washington Post, wa ZDF ya Ujerumani na wa SRF ya Uswisi walifichua habari za Crypto AG. Kampuni hiyo ya mji wa Zug iliziuzia serikali zaidi ya 120 mashine za kusimba mawasiliano ya siri. Wanunuzi waliiamini kwa sababu Uswisi haina upande. Kumbe tangu 1970 ilikuwa mali ya CIA na shirika la ujasusi la Ujerumani Magharibi, na mashine zilizouzwa kwa wengi wao zilikuwa zimelegezwa makusudi. Kikulacho ki nguoni mwako. Asili ya kifaa, ambayo ndiyo msingi wa vikwazo vyote tunavyozungumzia, haikuwaambia wanunuzi wale chochote. Kama wangepiga marufuku kwa kuangalia nchi, Uswisi ingekuwa ya mwisho kwenye orodha.

Thomas Hobbes, katika *Leviathan* ya mwaka 1651, sura ya 13, alitaja mambo matatu yanayowagombanisha watu: ushindani, kutoaminiana, na kutafuta utukufu. Aliyatenganisha ili tuyaelewe, ila katika maisha huja yamefungwa kitita kimoja. Katika robo ya pili ya mwaka 2020 Huawei iliuza simujanja nyingi kuliko kampuni nyingine yoyote duniani. Nani ataniambia kwa uhakika ni sehemu gani ya hatua zilizochukuliwa dhidi yake ilitokana na hofu ya kusikilizwa, na ni sehemu gani ilitokana na hofu ya kupitwa? Sidhani kama waliozichukua wenyewe wanajua. China nayo haikukaa kando: Mei 2023 ilizuia chipu za Micron ya Marekani kwenye miundombinu yake muhimu kwa hoja ileile ya usalama, na shaka ya mmoja ikawa ushahidi kwa mwingine kwamba naye alikuwa na haki ya kushuku.

Lakini tukubali kwamba shaka haiwezi kufutwa. Je, kila linalofanywa kwa jina lake linahalalika? Hapana, na tofauti inayonihusu ni hii. Agosti 2018 Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayokataza idara za serikali kununua na kutumia mitambo ya Huawei na ZTE. Sioni kosa hapo. Mwenye nyumba anafunga mlango wake usiku, na hahitaji kuthibitisha mahakamani kwamba kila apitaye njiani ni mwizi. Hata Uingereza, iliyoamua Julai 2020 kwamba mitambo ya Huawei iondolewe kwenye mtandao wa 5G hadi mwisho wa 2027, ilikuwa ikiamua juu ya mtandao wake. Kinachonisumbua ni hatua ya Mei na Agosti 2020, Marekani ilipopanua kanuni zake hadi kiwanda chochote, popote duniani, kikakatazwa kuitengenezea Huawei chipu pasipo leseni ikiwa kinatumia vifaa au programu vyenye asili ya Marekani. TSMC ya Taiwan ikalazimika kusitisha kuipelekea Huawei chipu kuanzia katikati ya Septemba mwaka huo. Hapo hakuna tena mlango wa mtu unaofungwa. Huawei ilinyimwa chipu za kutengenezea simu za hali ya juu za kumuuzia Mchina mjini Chengdu, ambazo Mmarekani hangezishika kamwe. Kujilinda kunaishia kwenye mpaka wa kitu unachokilinda. Kinachovuka mpaka huo kinaweza kuwa na hoja zake, za nguvu na za ushindani, lakini kiseme hoja hizo waziwazi, kisijifunike shuka la usalama.

Na kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwishoni mwa Agosti 2023, Waziri wa Biashara wa Marekani, Gina Raimondo, akiwa ziarani China, Huawei ilianza kuuza simu ya Mate 60 Pro yenye chipu iliyotengenezwa na SMIC ya Shanghai, ya kiwango ambacho vikwazo vilikusudia kukizuia.

Sisi wa Afrika Mashariki tumekuwa tukiyatazama haya kana kwamba ni mechi ya wengine. Si ya wengine. Mwaka 2015 M-Pesa ya Kenya ilihamishiwa kwenye mfumo uliojengwa na Huawei. Simu za Tecno, Infinix na itel zinazojaa mikononi mwetu zinatoka Transsion, nayo ya Shenzhen, na nyingi kati yake zinatumia Android ya Google. Januari 2018 gazeti la *Le Monde* liliandika kwamba data kutoka makao makuu ya Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa, jengo ambalo China ililitoa kama zawadi, zilikuwa zikinakiliwa kila usiku kwenda Shanghai kwa miaka mitano. China ilikanusha. Sisi tuna shaka mbili kwa pamoja, ya mashariki na ya magharibi, na hatuna Banbury.

Katika duka moja la fundi simu Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, niliwahi kumsikia dada mmoja akiuliza kwa uchungu juu ya Huawei aliyoletewa zawadi na ndugu yake.

"Kaka, mbona haina Play Store?"

"Hii ni ya baada ya vikwazo, dada. Google hawamo humu."

"Vikwazo vya nani?"

"Vya Marekani."

"Sasa mimi na Marekani wapi na wapi?"

Fundi hakuwa na jibu, ila alikuwa na dawa. Akachomeka memori kadi yake na kumwekea programu alizozitaka: ya mazungumzo, ya video, ya benki. Programu hizo hazikutoka kwenye duka rasmi lolote. Zilikuwa nakala za nakala, zimepita mikono ambayo hata fundi hakuijua, na ile ya benki iliomba ruhusa ya kusoma ujumbe wake mfupi, akabonyeza "kubali" bila kusoma. Basi fikiria: hatua iliyochukuliwa kwa ajili ya usalama ilimfikisha mwanamke huyu mahali ambapo yeyote aliyewahi kuigusa memori kadi ile angeweza kuingia kwenye akaunti yake. Google yenyewe, kwa taarifa ya *Financial Times* ya Juni 2019, ilikuwa ikiwaonya maofisa wa Marekani kwamba kuinyima Huawei programu zake kungezaa Android ya pembeni yenye mianya mingi zaidi. Usalama wa taifa na usalama wa mtu si kitu kimoja, na mara nyingine wa kwanza hulipiwa na wa pili, tena mlipaji akiwa raia wa nchi ambayo haikushirikishwa kabisa.

Nikijiuliza dada yule alihitaji nini, sioni kwamba alihitaji kumjua adui wa kweli ni nani. Onora O'Neill, mwanafalsafa wa Uingereza, alisema jambo la maana: lengo lisiwe kuongeza imani, bali kumwezesha mtu kuielekeza imani yake kwa anayestahili. Kwa fikra zangu, katika vifaa vya leo anayestahili hapatikani kwa kuchungulia ndani ya chipu, maana tumeshaona kuchungulia hakuna mwisho. Anapatikana kwa kuuliza swali la kawaida kabisa: akinidhulumu, nitampata wapi? Nani atamwita, na akiitwa ataitika? Mchuuzi wa sokoni tunamwamini kwa sababu kesho yupo palepale. Mtengenezaji wa simu hayupo popote tunapoweza kubisha hodi.

Ndiyo maana sheria ya Uingereza iliyoanza kutumika 29 Aprili 2024 inanivutia kuliko marufuku zote. Inamtaka kila anayeuza kifaa kinachounganishwa na intaneti, simu ikiwemo, aseme wazi atatoa masasisho ya usalama hadi lini, aweke mahali pa kupokea taarifa za mianya, na asiuze kifaa chenye nywila rahisi iliyowekwa kiwandani. Haiulizi ametoka nchi gani. Inauliza anafanya nini, na inamtoza faini asipofanya. Najua haitaukamata mlango wa Thompson. Kwa wizara ya ulinzi, kwa mitambo ya umeme, bado serikali itachagua kwa kushuku, na ichague. Kwa simu ya dada wa Kariakoo, mwanya wa miaka mitatu usiozibwa ni hatari iliyo karibu zaidi kuliko jasusi yeyote.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Agosti 2023, watu walipopanga foleni Nairobi kupigwa picha za mboni na mashine za Worldcoin kwa ahadi ya malipo ya sarafu za kidijitali, serikali ya Kenya iliisimamisha kazi hiyo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data zilizokusanywa zifutwe. Kampuni ya kigeni iliitwa na mahakama ya hapa, juu ya kitendo ilichokifanya hapa. Hakuna aliyejadili kama amri ile ingeweza kubadilishwa kwa mkataba wa chai. Sheria hizo zinaweza kuongezewa kifungu kinachomtaka kila mwenye kuingiza simu nchini, ziwe za Shenzhen, Seoul au California, awe na mtu wa kushitakiwa aliyeko Dar es Salaam au Nairobi, na aandike juu ya boksi tarehe ambayo ataacha kuzilinda.